Kujijengea uzio nyumbani: Kigingi na jirani kwanza, waya baadaye

MFANYABIASHARA anayeishi kwa kuvuka mpaka hulala nje ya kwake siku nyingi kuliko majirani zake. Jumatatu yuko Namanga na gari la vitunguu, Jumatano yuko Nairobi akihesabu magunia, Ijumaa bado anafuatilia malipo. Nyumbani wamebaki mwenza, watoto, pengine na bibi, na mara nyingi chumba kimoja kimegeuzwa stoo: maharage, marobota ya mitumba, madumu ya mafuta ya kula. Ndiyo maana faida ikitulia kidogo na ada za watoto zikiwa zimelipwa, wengi huanza kuzungumzia uzio.

Wengi pia hupoteza fedha hapo hapo. Fundi anapigiwa simu, fedha zinatumwa kwa simu, na mwenye nyumba anarudi baada ya wiki mbili kukuta nguzo zimeinama, waya umelegea kama wavu wa samaki, na jirani amenuna kwa sababu shimo la kona limechimbwa kwenye shina la mgomba wake. Wakati mwingine kuna na barua ya wito kutoka ofisi ya mtaa.

Kuzungushia waya kiwanja cha kawaida ni kazi ambayo mtu na ndugu yake mmoja wanaweza kuifanya wenyewe kwa siku chache, ukiondoa siku za kusubiri zege likauke. Ugumu uko kabla ya shimo la kwanza, nao unahusu mambo mawili ambayo mtu wa mpakani anayafahamu vizuri sana: mstari unapita wapi, na nani yuko upande wa pili.

Kigingi kiko wapi?

Mwambie mtu wa Sirari au Busia akuonyeshe mpaka wa nchi, hatakawia. Mwambie akuonyeshe kona nne za kiwanja chake mwenyewe, ataanza kukuna kichwa.

Kiwanja kilichopimwa huwa na vigingi vya zege au chuma kwenye kona zake, ambavyo mitaani tunaviita bikoni. Nafasi zake na namba zake zimo kwenye ramani ya upimaji. Chukua ramani, chukua jembe, fyeka majani, vitafute vyote. Vikionekana vitatu na cha nne kimepotea, usikisie kwa macho wala kwa kupima hatua. Mpima ardhi mwenye leseni hurudisha kigingi mahali pake, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kung'oa nguzo kumi zilizokwisha kumwagiwa zege.

Ardhi isiyopimwa, na nyingi ya vijijini kwetu iko hivyo, ina alama zake. Uchagani mpaka ni masale, kwingine ni minyaa, mtaro wa maji au mwembe wa babu. Hapo huwezi kwenda peke yako. Waite majirani wa pande zote, mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na wazee wawili wanaokumbuka nani alimuuzia nani. Kenya utamhitaji mzee wa mtaa na pengine chifu; Uganda mwenyekiti wa LC I. Tembeeni mstari mzima kwa miguu, pigilieni vijiti, kisha andikeni karatasi moja inayosema mmekubaliana nini, na kila mmoja aweke sahihi. Iandikwe siku hiyo hiyo mkiwa bado mmesimama pale. Makubaliano ya mdomo huwa matamu hadi mmoja atakapofariki na watoto wake kuja na habari nyingine.

Watu wengine, kwa kuogopa ugomvi, hurudisha uzio ndani ya ardhi yao kwa mita moja au mbili. Kiganja kimoja hakina neno. Mita mbili ni jambo jingine. Kwa sheria za ukomo wa muda za Kenya na Tanzania, mashauri ya kudai ardhi yana ukomo wa miaka 12. Kipande ulichokiacha nje ya uzio wako, jirani akakilima miaka yote hiyo huku wewe ukiwa safarini, kinaweza kukuletea kesi ngumu. Ukiacha nafasi, iandikwe kwenye ile karatasi kuwa mpaka ni kigingi, na uzio ni uzio tu.

Mkishindwa kuelewana, kila nchi ina mlango wake. Nchini Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inataka mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa umpitie kwanza msajili wa ardhi kabla mahakama haijausikiliza. Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata husuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia zote mbili zinakula siku, na kwa mchuuzi siku ni mtaji.

Barabara nayo ni jirani, tena jirani asiyesuluhishwa. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waliowahi kuamka na kukuta alama ya X ukutani wanajua maana yake. Kenya na Uganda upana hutofautiana kwa daraja la barabara, kwa hiyo ulizia ofisi inayohusika kabla hujachimba. Na kwa wanaoishi karibu kabisa na mstari wa nchi, kumbuka kwamba kando ya mpaka wa kimataifa kuna ukanda usioruhusiwa kujengwa. Usiufuate uzio wa jirani ukidhani kwamba kwa kuwa wake haujabomolewa, basi ni halali.

Waya au ukuta?

Hapa nina msimamo wangu. Mwenye uwezo hukimbilia tofali, na katika miji yetu ukuta mrefu umekuwa cheo. Lakini mtu asiyekuwepo nyumbani siku nne kwa wiki analindwa zaidi na macho ya majirani kuliko na tofali. Mwizi akisharuka ukuta, anafanya kazi yake kwa utulivu, hakuna anayemwona. Uzio wa waya unamwacha wazi. Mama wa jirani anayeamka saa kumi na moja kuchota maji ataona mlango wa stoo uko wazi.

Ukuta pia ni ghali, unahitaji msingi, na katika miji mingi unahitaji kibali cha ujenzi. Uzio wa waya ni mwepesi zaidi kwa mambo hayo, ingawa nako ni vyema kuuliza halmashauri au kaunti yako. Anayetaka stara anaweza kupanda maua yanayotambaa sehemu ya bafu na kuanikia nguo tu, sehemu nyingine akaiacha ionekane.

Hesabu kabla ya duka

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30, kipimo kinachojulikana sana Tanzania. Mzunguko wake ni mita 100. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 cha Kenya kina mzunguko wa futi 300, yaani kama mita 91, kwa hiyo hesabu haiachani sana. Geti liwe la mita 4, katikati ya upande wa mbele wa mita 20. Imebaki mita 96 za waya.

Nguzo zisiachane zaidi ya mita 3. Pande mbili za mita 30 zinatoa nafasi 10 kila mmoja. Upande wa nyuma wa mita 20 ugawe nafasi 7. Mbele, kila upande wa geti una mita 8, ugawe nafasi 3. Jumla ni nafasi 33, na kwa kuwa mstari unaanza kwenye nguzo ya geti na kuishia kwenye nguzo nyingine ya geti, unahitaji nguzo 34. Sita kati ya hizo, nne za kona na mbili za geti, ni za aina yake, tutazirudia. Ongeza nguzo 10 fupi za kuegemeza.

Kwa uzio wa futi 6, nguzo za kati ziwe futi 8, mbili ziingie ardhini. Za kona na geti ziwe futi 9, tatu ziingie ardhini. Mashimo ya kati yakiwa na upana wa sentimita 30 na ya kona 40, zege la saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita litakula mifuko 11 au 12 ya kilo 50. Waya laini wa kupitisha juu, katikati na chini ni mita 288. Nunua 320 kwa sababu ya kufunga na kupotea.

Waya wenyewe wa matundu huuzwa kwa marobota, na urefu wa robota hutofautiana kwa kiwanda. La mita 18 utahitaji sita, la mita 15 utahitaji saba. Muulize muuzaji urefu ukiwa umefunguliwa na kuvutwa, kisha upime mwenyewe robota moja.

Geji ndiyo inayowatapeli watu. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.6; geji 12 na nusu ni kama milimita 2.5. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho, lakini waya wa milimita 2.5 una chuma zaidi ya mara mbili kwa kila mita. Robota la bei nafuu ajabu karibu kila mara ni la geji nyembamba au lililopakwa zinki kidogo, nalo huota kutu mapema, hasa kwa watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa. Ukiwa na kipimo kidogo cha fundi mfukoni, muuzaji atabadilisha lugha.

Nguzo za zege hazili na mchwa lakini ni nzito na husafiri vibaya. Zikipigwapigwa kwenye gari la mizigo hupasuka nyufa usizoziona. Nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, zenye rangi ya kijani kidogo, ni nyepesi na hudumu. Nguzo mbichi zilizopakwa oili chafu ni nafuu ya muda mfupi, na oili hiyo isiwekwe karibu na kisima.

Kukatiza mpaka na waya

Msomaji wa gazeti hili hatakosa kuuliza: kama waya ni nafuu upande wa pili, si ninunue huko? Inawezekana, na watu wa Tarime na Migori, wa Holili na Taveta, hufanya hivyo kila siku kwa bidhaa nyingine. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha na zenye asili ya nchi wanachama, kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani.

Neno zito hapo ni uasili. Robota lililonunuliwa Migori si lazima liwe limetengenezwa Kenya. Kama limetoka nje ya Jumuiya, ushuru unakusubiri hata kama risiti ni ya duka la jirani. Soma lebo, omba risiti yenye jina la bidhaa na si neno "vifaa", na uliza dawati la forodha kabla ya kulipa dukani. Kumbuka pia kwamba nafuu hiyo ni ya ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine zina utaratibu wake. Piga hesabu yote, pamoja na bodaboda na muda wako, ndipo uone kama kweli ni nafuu.

Mbao ni habari nyingine kabisa. Nguzo za miti zinazotoka Tanzania zinahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, na vizuizi viko njiani kabla hujaufikia mpaka. Miche na vipandikizi vya ua navyo ni mimea hai: Kenya wanaohusika ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Kichwa cha mtu kikivuka na mzigo wa vipandikizi bila cheti cha afya ya mimea, kinaweza kurudi mikono mitupu. Kwa nguzo, mara nyingi ni heri kununua upande unaoishi.

Kona ndiyo uzio

Ukielewa jambo moja la ufundi, liwe hili. Nguzo ya kati inavutwa na waya kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, kwa hiyo inasimama tu. Nguzo ya kona inavutwa kuelekea ndani ya pande mbili zinazokutana, na hakuna kinachoivuta kurudi. Nguzo ya geti inavutwa upande mmoja. Kona ikisogea kwa vidole viwili tu, upande mzima wa mita 30 unalegea. Uzio mwingi unaouona umeinama barabarani ulianza kuinama kwenye kona.

Kwa hiyo kona na geti huchimbwa kina zaidi na huegemezwa. Nguzo ya kuegemeza inakaa mshazari, ikifuata mstari wa uzio, kichwa chake kikiikumba nguzo ya kona karibu theluthi mbili ya urefu wake na mguu wake ukiingia kwenye shimo dogo la zege kuelekea nguzo inayofuata. Kona inapata mbili, geti linapata moja moja. Ndizo zile kumi. Baadhi ya mafundi huziweka nje ya uzio, kama mtu anayeisukuma nguzo. Ziko upande usiofaa: waya unavuta kuja ndani, na huko ndani ndiko kunakohitaji kizuizi.

Anza na nguzo hizo sita. Simamisha, hakikisha zimenyooka kwa timazi pande mbili, mwaga zege, acha juu mteremko kidogo ili maji yasituame kwenye shina. Kisha vuta uzi kutoka kona hadi kona, mmoja chini na mmoja juu, na za kati zote ziguse uzi bila kuusukuma. Hapa subira inahitajika: mwagia zege maji asubuhi na jioni, na usivute waya kabla ya siku saba. Mfanyabiashara mwenye safari anaweza kuutumia muda huo vizuri. Chimba na simamisha wiki hii, nenda safari yako, rudi uvute waya.

Udongo nao uangaliwe. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga, huvimba masika na kupasuka kiangazi, na hutoa nguzo nje taratibu kama jino. Huko chimba zaidi, hadi uupite ule unaopasuka. Kwenye mchanga, panua shimo la kona.

Siku ya kuvuta, pitisha kwanza nyaya tatu laini na uzikaze. Simamisha robota kwenye nguzo ya geti, lifunge, kisha lifungue ukielekea kona. Ili kulikaza, pitisha nondo kwenye matundu kutoka juu hadi chini na uivute kwa kivuta waya au kwa mtaimbo, ili nguvu igawanyike sawa. Kamwe usivute kwa pikipiki au gari. Waya ukikatika unarudi na unaweza kumtoa mtu jicho. Vaa glavu ngumu na miwani. Ukisukuma kwa kiganja katikati ya nguzo mbili na waya ukarudi wenyewe mahali pake, inatosha. Kukaza kupita hapo ni kuitesa kona. Marobota mawili huunganishwa kwa kuzungusha uzi mmoja wa waya kupitia matundu ya yote mawili, na ukifanya vizuri hakuna atakayeona kiungo.

Maji ya mvua yanapotokea kiwanjani, acha upenyo au weka bomba. Ukiziba, takataka zitajaa kwenye matundu, uzio utageuka bwawa, na jirani wa chini atakutafuta. Waya wa miba, au seng'enge kama wasemavyo Kenya, ukae juu ya kichwa cha mtu mzima. Chini ya hapo unawakata watoto wanaofuata mpira.

Ua wa miti

Kwa asiye na fedha za waya, ua hai bado upo, na si wa kudharauliwa. Rwanda na Burundi neno urugo lilimaanisha ua uliozunguka nyumba na pia familia iliyomo ndani yake, na ua huo mara nyingi ulikuwa wa minyaa. Kenya michongoma na kayaba huzuia hata mbwa. Kasoro ni mbili: unasubiri miaka, na unahitaji kukatwa, kazi ambayo msafiri huisahau hadi matawi yaingie kwa jirani. Minyaa ina utomvu unaochoma macho vibaya. Anayeikata ajikinge, na watoto wakae mbali. Wengine hufanya yote mawili, waya mwaka huu na miche kandokando yake, na mseto huo mimi ndio ninaoupenda zaidi.

Geti liagizwe baada ya nguzo zake kukauka, na lipimwe kwenye nguzo zilizosimama, si kwenye karatasi, maana sentimita tatu za makosa ni kurudi kwa mchomeleaji. Lifunguke kuelekea ndani ili lisiingie barabarani. Kama gari la mizigo hushusha nyumbani kwako, mita 4 ni chache ikiwa njia ni nyembamba na dereva lazima akate kona; panga 5 tangu mwanzo na upunguze nguzo moja ya mbele ikibidi. Baada ya masika ya kwanza zungukia nguzo zote sita, zisukume kwa bega, na ukaze waya pale ulipolegea.